Nati zilizoganda kwenye Land Rover ya zamani: jinsi ya kuzifungua bila kuzikata

Swali: Habari za kazi, fundi. Nimenunua Land Rover Series III 109 ya petroli iliyokaa chini ya mwarobaini huku Veyula zaidi ya miaka sita bila kuwashwa. Nataka kutoa manifodi ya egzosi, madramu ya breki na mabomba yake, na nyumba ya thamostati. Fundi aliyeanza kazi alivalisha bomba refu kwenye spana: stadi (bolti isiyo na kichwa) moja ya manifodi imekatikia ndani ya silinda hedi, na skrubu za dramu moja zimelika midomo. Nifanyeje ili zilizobaki zisikatike, na hiyo iliyokatika itoke? – Msomaji, Dodoma

Jibu: Ndugu yangu, hilo bomba liondoe kabisa kwenye gereji mpaka kazi hii iishe. Bolti ya inchi 1/4 hukazwa kwa takriban Nm 10 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na ya 3/8 kwa takriban Nm 40. Spana ya sentimita 15 ukiivuta kwa nguvu ya kilo 15 tu, tayari umefika Nm 22. Irefushe hadi nusu mita na mkono uleule unatoa karibu Nm 75. Chuma kilicholiwa na kutu kwa miaka hakivumilii hayo. Kufungua kitu kilichoganda ni kazi ya kupunguza mshiko wa uzi, si ya kuongeza nguvu ya mkono, na kila hatua hapa chini inalenga hilo.

Anza kwa kujua kilichoshika ni nini. Gari lililoishi Dodoma miaka yote mara nyingi halina kutu nzito, kwa sababu hewa ni kavu na mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Kinachoshika ni vumbi jekundu lililochanganyika na oili ya zamani likakauka ndani ya uzi. Gari lililowahi kukaa Tanga au Dar es Salaam ni habari nyingine: chumvi ya bahari huacha kutu nyeusi yenye magamba, na bolti hupungua unene pale inapoingia kwenye nati. Pengine utakuta unga mweupe kuzunguka bolti, hasa kwenye bodi na nyumba ya thamostati. Huo si kutu ya chuma. Ni aluminiamu iliyoliwa kwa kugusana na chuma palipo na unyevu, na ndiyo inayoshika kwa ukaidi kuliko zote.

Vumbi lisuguliwe kabla ya mafuta yoyote. Tumia brashi ya waya, kisha msumari uliochongoka kufuata nyuzi zinazoonekana, kisha upepo. Ukimwaga mafuta juu ya mchanga, mafuta yanaubeba mchanga hadi ndani, na nati ikianza kuzunguka mchanga huo unachana uzi. Ukisikia nati imeanza kutoka laini halafu ghafla ikakaza tena, ujue ni hilo. Irudishe ndani, pulizia, safisha, uanze upya.

Sasa spana. Hapa ndipo Land Rover nyingi zinapoharibiwa kwetu, kwa sababu karibu kila sanduku la vifaa mjini ni la milimita, na gari hili kwa sehemu kubwa ni la inchi. Bolti ya 1/4 inachukua spana ya 7/16, yaani mm 11.1. Bolti ya 5/16 inachukua spana ya 1/2, yaani mm 12.7. Bolti ya 3/8 inachukua spana ya 9/16, yaani mm 14.3. Spana ya 13 itaingia kwenye nati ya 1/2 na utadhani imekaa, kumbe ina nafasi ya mm 0.3, na nafasi hiyo ndiyo inayokula kona. Zinazokubaliana vizuri ni 3/4 na mm 19, na kwa kiasi 5/8 na mm 16. Nyingine usibahatishe. Magari ya Kiingereza ya zamani zaidi, pamoja na Series I za mwanzo, yana pia nyuzi za Whitworth na BSF ambazo spana zake hazifanani na inchi za kawaida wala milimita: spana iliyoandikwa 1/4 W ina mdomo wa mm 13.3, na ya 5/16 W mm 15.2. Kama gari lako limewahi kufungwa vipuri vya kuokoteza, usishangae kukutana na aina tatu za uzi ndani ya gari moja.

Nunua soketi za kona sita, si kumi na mbili. Ya kona sita inasukuma ubavu wa nati. Ya kona kumi na mbili inasukuma ncha, na ncha iliyoliwa na kutu inateleza. Kama nati imeshapungua au imeviringika kidogo, tafuta soketi ya kona sita iliyo ndogo kidogo uigongee kwa nyundo: ya mm 12 kwenye nati ya 1/2, ya mm 14 kwenye nati ya 9/16. Kugonga kwenyewe kunasaidia kuvunja kutu.

Mafuta ya kupenya yanayouzwa kwenye kopo yanafaa. Mchanganyiko wa kutengeneza mwenyewe unafaa vilevile: mafuta ya gia za otomatiki sehemu moja na asetoni sehemu moja. Asetoni iwe safi. Dawa nyingi za kuondoa rangi ya kucha zina maji na manukato ndani. Mchanganyiko huu hujitenga ukikaa, kwa hiyo utikise kila unapotaka kutumia, na uweke kwenye chupa ya bati au kioo kwa kuwa asetoni inayeyusha plastiki nyingi. Mvuke wake unawaka kwa cheche ndogo sana. Usiumwage kwenye egzosi ya moto, wala usiwashe gesi mahali ulipoutumia mpaka pakauke kabisa. Mafuta ya taa au dizeli peke yake hupenya polepole, lakini ni bora kuliko kutoweka kitu. Mafuta ya breki ambayo baadhi ya mafundi huyamwaga kwenye kutu yanababua rangi ya gari, na hayana faida ya kufidia uharibifu huo.

Kosa la kawaida ni haraka: mtu anapulizia, anasubiri dakika tano, anavuta. Weka matone machache asubuhi, mchana na jioni, kwa siku mbili au tatu, na kila ukiweka gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo mara kumi hivi. Mtikisiko unafungua nyufa ndogo kwenye kutu na mafuta yanafuata. Pale ambapo stadi imesimama wima, zungushia ukingo wa unga wa ngano uliokandwa ili mafuta yakae kama kidimbwi badala ya kuteremka.

Unapokuja kufungua, kaza kwanza. Vuta kidogo upande wa kukaza, kwa digrii tano tu za mzunguko au hata chini ya hapo, mpaka uhisi imesogea. Halafu rudi upande wa kufungua. Ikishasogea, usishangilie ukazungusha mpaka mwisho. Robo mzunguko nje, nusu ya hiyo ndani, mafuta, tena. Mkono wako utakuambia: bolti inayokaribia kukatika huwa laini, inazunguka kama mpira bila kichwa na uzi kwenda pamoja. Ukihisi ulaini huo, acha papo hapo. Hapo panahitaji moto.

Moto

Chuma cha kawaida kinatanuka takriban sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi, shaba ya njano takriban 19, aluminiamu takriban 23. Nati yenye tundu la mm 9.5 ikipanda nyuzi 300 wakati stadi bado ya baridi, tundu linapanuka kiasi cha mm 0.03. Ni kidogo kwa macho, ila kwa kutu ni ufa. Kwa hiyo lengo ni kupasha kile kilichoko nje, nati au kiwiliwili kinachoishika bolti, na kukipasha haraka kabla joto halijafika ndani. Moto wa polepole unaopasha vyote pamoja hausaidii sana. Tochi ya mtungi wa gesi ya kupikia inatosha kwa nati ndogo. Kwa stadi za manifodi moto mwembamba wa oksijeni na asetilini wa mchomeleaji ni bora zaidi, kwa sababu unafika pale tu unapotaka.

Nati ikishapata joto, gusisha mshumaa kwenye ungio la nati na stadi. Nta inayeyuka na kunyonywa ndani ya uzi kwa urahisi kuliko mafuta. Kisha zungusha kwa kukaza na kulegeza, taratibu.

Tahadhari tano, na zote ni za kweli. Kama tangi lako la petroli liko chini ya kiti cha mbele, litoe au usiwashe moto upande huo. Kuwa na ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia karibu. Usimwagie maji hedi au manifodi ya moto: ni chuma cha kusubu, kitapasuka. Bolti za zamani zenye rangi ya dhahabu iliyofifia zinaweza kuwa zimepakwa kadimiamu, na moshi wake ni sumu, hivyo fanyia kazi nje penye upepo. Na usitumie dawa ya kusafishia breki yenye klorini karibu na moto. Ikiungua inatoa gesi ya kuua.

Manifodi ya egzosi

Nati za bomba la egzosi kwenye manifodi mara nyingi ni za shaba ya njano, na hiyo ni bahati yako kwa sababu shaba hutanuka zaidi ya stadi. Ipashe hadi mate yaruke juu yake. Usifikishe wekundu, italainika na kona zitakwisha. Nati za chuma unaweza kuzifikisha kwenye wekundu hafifu. Nati ya egzosi isiyokubali baada ya joto mara mbili, ipasue. Kata kwa msumeno au gurudumu jembamba sambamba na stadi, acha nusu milimita kabla ya uzi, kisha pigilia tindo kwenye mfereji. Nati mpya ni ya bei ndogo. Kutoboa hedi ni kazi ya siku nzima.

Skrubu za dramu

Kila dramu imeshikwa na skrubu tatu za kichwa kilichozama, zenye mfereji mmoja. Bisibisi ya mkono haizifai. Safisha mfereji kwa kipande cha jino la msumeno mpaka chini, kisha tumia bisibisi ya kugonga, ile inayozunguka unapoipiga kwa nyundo nzito. Ncha ijaze mfereji kwa upana na kwa unene, la sivyo unalika tena. Gonga kwanza mara kadhaa bila kuzungusha. Zile zako zilizolika midomo: chimba mfereji mpya kwa gurudumu jembamba, au weka tindo butu karibu na ukingo wa kichwa na upige kwa mshazari kuelekea kushoto. Ikishindikana, toboa kichwa kwa keekee ya ukubwa wa uzi mpaka kichwa kidondoke. Dramu ikitoka, kipande kilichobaki kitakuwa kimesimama na utakishika kwa koleo la kubana.

Dramu lenyewe likikataa, legeza kwanza viatu vya breki kwa kirekebisho chake nyuma. Halafu gonga kuzunguka kati ya matundu ya nati za tairi, si ukingoni, maana ukingo unapasuka.

Mabomba na nipo za breki

Hapa ndipo ninapoomba uangalifu kuliko popote, kwa sababu kosa dogo linaonekana barabarani. Nati ya bomba la breki hufunguliwa kwa spana yake maalumu inayozunguka kona zote sita na kuacha mwanya wa bomba kupita. Tazama bomba lenyewe. Likianza kujikunja pamoja na nati, acha. Nati na bomba vimeungana, na hakuna mafuta yatakayookoa bomba hilo. Likate karibu na nati, valisha soketi ya kona sita, fungua, kisha fungisha bomba jipya.

Nipo ya kutolea upepo ina tundu katikati, kwa hiyo hukatika kirahisi. Chomeka mkia wa keekee unaoenea vizuri kwenye tundu lake ili kuta zisibonyee, gonga, kaza kidogo, ndipo ufungue. Ukipasha, pasha kiwiliwili cha silinda, na ujue mipira ya ndani imekwisha. Lazima ibadilishwe hata kama inaonekana nzima. Kwa kweli silinda ya gurudumu iliyokaa miaka sita bila kazi mimi ningeibadilisha yote. Zinapatikana Gerezani, Dar es Salaam.

Unapofunga nati mpya za mabomba, linganisha uzi. Nati ya 3/8 UNF (uzi mwembamba wa inchi) ina kipenyo cha mm 9.5 na nyuzi 24 kwa inchi. Ile ya milimita, M10 yenye hatua (umbali kutoka uzi hadi uzi) ya mm 1, inakaribiana nayo sana kwa macho. Ya 3/8 itaingia kwenye tundu la M10 na hata kukaza kidogo, halafu itang'oka mtu atakapokanyaga breki kwa nguvu. Nati iingie kwa vidole mizunguko mingi bila kuchezacheza wala kugoma.

Nyumba ya thamostati

Bolti ndefu za chuma zimepita kwenye aluminiamu, na unga mweupe umejaa pembeni yake. Usikimbilie gesi: aluminiamu haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka, hivyo huna dalili ya kukuonya. Mwagia maji yanayochemka (kwa mwinuko wa Dodoma, takriban mita 1,100, yanachemka karibu nyuzi 96, na yanatosha), gonga, weka mafuta yakipoa. Rudia mara nyingi. Zikikatika, nyumba huvuliwa juu ya vipande vilivyobaki na vipande hivyo hufunguliwa kutoka kwenye hedi kwa koleo la kubana.

Jambo jingine la haraka: bomba la usukani kati ya magurudumu lina uzi wa kulia upande mmoja na wa kushoto upande wa pili. Kabla ya kusema upande mmoja umegoma, hakikisha hauukazi. Bolti za bodi za 1/4 zenye kutu usizihangaikie; kata, weka mpya.

Stadi iliyokatikia ndani ya hedi

Kama imebaki imechomoza milimita tano au zaidi, pasha hedi kuizunguka, gusisha nta, shika kwa koleo la kubana. Kama imekatika sawasawa na uso wa hedi, njia ninayoiamini ni kuchomelea nati. Ondoa nyaya zote mbili za betri na za oltaneta. Weka washa (kisahani chenye tundu) juu ya stadi, tundu lake likae katikati, chomelea washa kwa stadi kupitia tundu hilo kwa fimbo ya mm 2.5 na takriban ampea 80, kisha chomelea nati kubwa juu ya washa. Joto linaifanya stadi itanuke ikabanwa na hedi, na ikipoa inasinyaa kuliko ilivyokuwa. Hapo kutu inaachia. Subiri wekundu uishe kabisa, weka nta, tikisa kulia kushoto. Ikikatika, chomelea nati nyingine. Mara ya pili au ya tatu mara nyingi huachia, kwa kuwa kila joto linaendelea kuvunja kutu.

Isipowezekana ndipo utoboe, na adui wa kutoboa ni kwenda upande. Peleka vipimo kwa mkerezaji, SIDO (shirika la viwanda vidogo) au VETA (chuo cha ufundi) pale mjini, akutengenezee kijiti cha chuma kinachoenea tundu la manifodi, chenye tundu la mm 3 katikati. Funga manifodi kwa stadi nzima zilizobaki, ingiza kijiti, toboa: sasa keekee haina pa kuhamia. Fuata na ya mm 5. Stadi ya 5/16 ishia mm 6.5, ya 3/8 ishia mm 8. Ganda la uzi lililobaki livutwe kwa ncha kali. Kabla ya kupitisha tepu (kifaa cha kukatia uzi ndani ya tundu), toa stadi ya jirani uilinganishe. Stadi nyingi za Kiingereza zina uzi mpana upande wa hedi na mwembamba upande wa nati, na tepu isiyo yake itaua tundu lililopona.

Zile ekstrakta za kupigilia kwenye tundu na kuzungusha kinyume sizishauri kwa stadi za egzosi. Zimepikwa kwa moto zikawa ngumu lakini rahisi kuvunjika, zinakatikia ndani, na keekee ya kawaida haiwezi kuzitoboa tena.

Kufunga upya

Stadi na nati za egzosi zipake grisi ya shaba kidogo na uweke nati mpya za shaba ya njano. Ukipaka grisi, punguza nguvu ya kukaza kwa takriban robo ya ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kwani uzi wenye mafuta hukaza zaidi kwa nguvu ileile. Kwenye bolti zinazoingia aluminiamu usitumie grisi ya shaba. Shaba inaharakisha kuliwa kwa aluminiamu. Tumia grisi ya kawaida au ya nikeli, na washa za nailoni chini ya vichwa vya bolti za bodi. Nipo za breki zivalishe vifuniko vya mpira ili vumbi lisiingie kwenye tundu. Injini ikishawaka mara tatu nne na kupoa, rudia kukaza nati za manifodi kwa spana fupi, kuanzia za katikati kwenda pembeni.